Jinsi ya kulisha wageni na watendakazi kanisani bila mtu kurudi na njaa: mwongozo kamili

Malalamiko yanayokuja baada ya sikukuu za usharika yanafanana mno. Wageni wamekula, mchungaji ameshukuru, basi limeondoka. Ndipo inagundulika kwamba kina mama waliokesha jikoni wameambulia ukoko, vijana waliopanga viti hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na dereva aliyeleta kwaya amejinunulia chipsi ng'ambo ya barabara. Ukiwaita watu hao hao kujitolea mara nyingine, wanakuja nusu, na wanaokuja wanakuja na vinyongo.

Mwongozo huu unachukua mlo wa mchana wa Jumapili kwa watu 160: kwaya ya wageni, washarika walioalikwa na wote wanaofanya kazi siku hiyo. Kama ninyi ni 80, gawanya kwa mbili. Kanuni inayobeba hatua zote ni hii: chakula cha wanaofanya kazi kinahesabiwa kwanza na kinapakuliwa kwanza. Wengi wanaona ni kukosa adabu kwa mgeni, lakini mhudumu mwenye njaa hawezi kumchangamkia mgeni, hata akijitahidi vipi.

## Andaa hivi kwanza

Vipimo hivi ni vya watu 160, vikiongezwa kumi kwa mia kwa ajili ya wanaokuja bila taarifa. Kwa hiyo tunapika sahani 176.

- Mchele kilo 22 (kilo 1 kwa watu 8)
- Nyama ya ng'ombe kilo 25 (kilo 1 kwa watu 7)
- Maharage makavu kilo 12, kwa kuwa nyama ipo. Bila nyama, ongeza hadi kilo 18
- Kabichi 15 za wastani, au mchicha kwa mafungu
- Vitunguu, nyanya, karoti, hoho, chumvi, na mafuta lita 6
- Matikiti makubwa 9, kila moja likitoa vipande 20 hivi
- Vitafunio vya chai: maandazi, mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha, na karanga
- Maji ya kunywa, na pipa la lita 200 la kunawa peke yake. Maji ya kuoshea vyombo ni mbali na hayo
- Sufuria 2 za wali, 1 ya nyama, 1 ya maharage, 1 ya mboga, na 1 ya maji ya moto muda wote
- Hotpoti kubwa 8, nne kati yake zikiandikwa WATENDAKAZI kwa karatasi na gundi
- Sahani, vijiko na vikombe 180
- Ndoo 4 zenye bomba, sabuni, beseni za kupokelea maji machafu
- Daftari moja na kalamu

Soda sijaiweka. Kama bajeti inaruhusu, kreti saba za chupa 24 hazifiki 176, zinatoka nane. Lakini ikibidi kuchagua kati ya soda na kuongeza nyama, ongeza nyama.

## Hatua ya 1: Hesabu watu kwa makundi, siku saba kabla

Usiulize "watakuja wangapi?" Utajibiwa "kama mia hivi", na hapo ndipo chakula kinapoanza kupungua. Chukua daftari uandike makundi matatu, kila moja na ukurasa wake.

Ukurasa wa kwanza ni wa watendakazi. Andika majina, wala si idadi: wapishi, waosha vyombo, wapanga viti na maturubai, walinzi wa magari, mafundi mitambo, mpiga picha, walimu wa watoto, wazee wa zamu, mlinzi wa usiku wa kanisa. Halafu ongeza wale ambao hakuna anayewakumbuka: dereva wa basi la wageni na kondakta wake, na kijana wa bodaboda mtakayemtuma sokoni mara mbili. Kwa mlo wa watu 160, ukurasa huu hufika majina 30 kwa urahisi.

Ukurasa wa pili ni wa wageni. Mpigie simu katibu wa kwaya yao, umwombe idadi ya watakaopanda gari. Mwulize kama kuna watoto, wazee wanaohitaji kiti chenye mgongo, au mama anayenyonyesha. Ukurasa wa tatu ni wa wenyeji walioalikwa kula.

Mtoto wa chini ya miaka kumi mhesabu nusu sahani, ila umpe kiti kizima.

Tahadhari: hesabu ikishafungwa siku tatu kabla, usikubali mtu yeyote aongeze kundi zima kwa mdomo. Atakayeleta watu 20 zaidi alete na mchele wao. Sema hivyo kwa upole, lakini sema.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kumwonyesha mweka hazina kurasa tatu na jumla yake, naye hana swali.

## Hatua ya 2: Uliza nini hakiliwi

Simu hiyo hiyo inatosha kwa maswali manne: nani hali nyama, nani ana kisukari, nani ana shinikizo la damu, na kama wapo watakaokuja ambao si Wakristo.

Swali la mwisho lina uzito kwetu Tanzania. Kwenye sikukuu za usharika majirani Waislamu huja, mwenyekiti wa mtaa huja, na wakati mwingine dereva mwenyewe ni Mwislamu. Nunua nyama kwenye bucha ambako wanajua aliyechinja ni Mwislamu, na ikiwa mnachinja ng'ombe au mbuzi wenyewe, mwombeni jirani achinje. Usiazime sufuria iliyopikiwa kitimoto. Kisha waambie wazi mapema ili wasikae wakinyofoa tikiti huku wakiona aibu kuuliza.

Wasabato hawali nguruwe, na baadhi yao hawali nyama kabisa. Wakatoliki hawali nyama siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wengi huiacha Ijumaa zote za Kwaresima. Maharage na mboga visipikwe na supu ya nyama, ili wote hao wawe na sahani kamili.

Kwa mwenye shinikizo, punguza chumvi jikoni na uweke chumvi mezani. Kwa mwenye kisukari, sukari ya chai ikae pembeni, kila mtu ajitilie.

## Hatua ya 3: Gawa kazi, mtu mmoja kazi moja

Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinaeleza jinsi kanisa la Yerusalemu lilivyoingia kwenye manung'uniko kwa sababu wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa katika kugawa chakula. Mitume waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakaikabidhi kazi hiyo kwao. Nasi tufanye vivyo hivyo, kwa majina:

Mkuu wa jiko, ambaye neno lake jikoni ni la mwisho. Mkuu wa stoo, anayeshika ufunguo na kuandika kila kinachotoka. Mpokeaji wa wageni. Mkuu wa mstari wa chakula. Mkuu wa vyombo na maji. Na mtu wa sita, ambaye sharika nyingi hazina: mlezi wa watendakazi. Kazi yake ni kushika ule ukurasa wa kwanza na kuhakikisha kila jina limekula. Asipewe kazi nyingine yoyote siku hiyo.

Mchague mtu anayesikilizwa. Kijana wa miaka 17 hataweza kumwambia mama mkubwa wa jiko, "Mama, kaa chini ule sasa." Mzee wa kanisa au mama wa makamo ataweza.

Wapishi nao ni washarika. Wapange zamu ili wahudhurie ibada ya kwanza ya asubuhi, au wapokezane. Watu wanaoikosa ibada kila sikukuu kwa sababu wanapika huishia kuona kwamba kanisa linawahitaji jikoni tu.

## Hatua ya 4: Jiko

Wapishi wafike saa kumi na moja alfajiri, nao wakute chai imeshachemka. Huo ndio ukarimu wa kwanza wa siku, na unafanywa kabla mgeni yeyote hajaamka.

Maharage. Yaloweke usiku, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa moto mkali hadi yatokote angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Yakipikwa kwa moto wa kusuasua yanaweza kutapisha watu wengi kwa pamoja.

Nyama. Kama hakuna friji ya kutosha, inunuliwe asubuhi ile ile. Kibao na kisu cha nyama mbichi visiguse kachumbari wala tikiti. Vipande vikatwe na mtu mmoja ili vilingane. Visipolingana, ugomvi wa mstarini umeshaanza.

Wali. Pika sufuria mbili, ya pili ikianza nusu saa baada ya ya kwanza. Sufuria moja kubwa mno huungua chini na kubaki mbichi juu, na ikiharibika umepoteza wali wote. Ukipika mbili, ya pili hufika mezani ikiwa ya moto.

Tahadhari: chakula cha moto kikae moto, zaidi ya nyuzi joto 60, yaani ukifunua mfuniko mvuke utoke. Wali uliopikwa usikae umepoa kwa zaidi ya saa mbili. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu wanazaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Wali wa namna hiyo unaweza usinuke wala kubadilika ladha. Kwa sababu hiyo usipike wali wa mchana usiku wa kuamkia Jumapili, hata kama wapishi wanataka kupumzika.

Mwenye kuhara, kutapika au kidonda kibichi mkononi asiguse chakula. Mpe kazi ya kupokea magari.

Umefanikiwa ukiona: saa tano na nusu nyama na maharage viko tayari vimefunikwa, wali wa kwanza umekauka punje moja moja, na sufuria ya maji ya moto inatoa mvuke.

## Hatua ya 5: Watendakazi wale kwanza

Hapa ndipo panapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wali wa kwanza ukiiva, kabla sahani yoyote haijapelekwa meza kuu, mkuu wa jiko na mlezi wa watendakazi wajaze zile hotpoti nne: wali, nyama, maharage, mboga. Zijazwe kwa sahani 30 kamili, nyama ikihesabiwa vipande. Hotpoti zipelekwe chumba kingine, ofisi ya katekista au darasa la watoto, na ufunguo akae nao mlezi. Zikibaki jikoni zitaliwa. Mtu atakuja kusema "wageni wameongezeka, tutawapikia kina mama baadaye", na hiyo baadaye haifiki.

Kisha wale kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza ni saa tano na nusu hadi saa sita, ibada ikiendelea: wapanga viti, walinzi wa magari, waosha vyombo na nusu ya wapishi. Sufuria ya kwanza ya wali ipangwe iive kwa saa hiyo. Zamu ya pili ni mara wageni wanapoanza kula: mafundi mitambo, wazee wa zamu, mpiga picha, wapishi waliobaki. Wapakuaji wa mstarini wawe kwenye zamu ya kwanza bila mjadala, maana mtu anayepakua nyama akiwa na njaa ataipima kwa jicho la njaa.

Wale wakiwa wamekaa. Wapewe sahani, kijiko, maji ya kunawa, na kipande cha tikiti kama wageni. Kina mama wengi watakataa: "Sisi tutakula baadaye, mwanangu, wahudumie wageni kwanza." Wamelelewa hivyo, na ni heshima kubwa kwao. Usibishane. Mlezi amwekee mama sahani mezani, ashike mwiko wake mwenyewe, aseme, "Mama, chungu ninakiangalia mimi, dakika kumi tu." Akiona chungu chake kina mtu, atakaa.

Dereva na kondakta wafuatwe kwenye gari. Hawatakuja wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba wamo. Kumbuka kwamba dereva huyo atabeba watu 60 usiku kwenye barabara kuu. Akila vizuri na kupata mahali pa kujinyoosha saa moja, umewasaidia abiria wake wote.

Kila anayekula, mlezi aweke alama mbele ya jina lake. Anayesema "nimekula" bila alama, aulizwe alikula wapi.

Umefanikiwa ukiona: saa saba mchana ukurasa wa kwanza una alama zaidi ya nusu, na saa nane una alama zote.

## Hatua ya 6: Pokea wageni

Mpokeaji awe getini kabla basi halijaingia. Neno la kwanza ni "Poleni na safari, karibuni sana." La pili ni kuwaonyesha choo. Watu waliosafiri saa tatu hawahitaji hotuba kwanza. Hakikisha choo kina maji, sabuni na ndoo ya taka yenye mfuniko, na kwamba cha wanawake kina kitasa.

Wakishatoka huko, chai na vitafunio. Chai hii inabeba watu hadi saa saba, na inaweza kubeba hata zaidi ibada ikirefuka. Mwenye kisukari aliyekwisha kumeza dawa au kujidunga sindano hawezi kungoja salamu za viongozi watatu bila kula. Sukari yake inaweza kushuka hadi akaanguka. Mpokeaji awe na mihogo na matunda ya akiba karibu, na ampe bila kumtangaza.

Kila wageni kumi wapewe mwenyeji mmoja, mwanakwaya wa sauti ile ile kama inawezekana. Atakaa nao, atakula nao, na ndiye watakayemwuliza maji yako wapi. Wenyeji wakijazana meza moja wakicheka wenyewe kwa wenyewe, wageni hula haraka na kuanza kuangalia saa.

## Hatua ya 7: Mstari wa chakula

Panga meza ndefu ili watu wapite pande zote mbili. Upande mmoja wenye wapakuaji wanne hupitisha watu wanne au watano kwa dakika. Kwa watu 130, hiyo ni karibu nusu saa. Pande mbili zinamaliza kwa robo saa, kabla wali haujapoa.

Utaratibu uwe huu: maji ya kunawa mwanzoni, sahani, wali, maharage, mboga, nyama, kachumbari, tunda. Nyama ije baada ya wali na mboga, na ipakuliwe na mtu. Ikiwekwa mwanzoni, sahani hujaa nyama kabla ya wali. Wali na mboga mtu anaweza kujipakulia, nyama hapana. Wapakuaji wakubaliane kipimo kabla ya mstari kuanza, mfano vipande vitatu na mchuzi upawa mmoja, na wasikibadilishe kwa sababu wanamjua mtu.

Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wapelekewe sahani walipokaa, na maji ya kunawa yawafuate kwa jagi na beseni. Watoto wapewe mstari wao na mwalimu wao. Kisha wageni, kisha wenyeji. Mshereheshaji aite meza kwa meza. Akisema "karibuni chakula" kwa wote mara moja, watu 130 watasimama pamoja.

Sasa meza kuu. Askofu, mchungaji na wageni wa heshima wapelekewe chakula walipokaa, na wapelekewe mapema. Hiyo ni heshima yetu na ni nzuri. Lakini kitoke sufuria ile ile. Meza kuu yenye kuku wa kukaanga wakati kwaya inagawana maharage inaumiza watu, nao hawatasema. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo la jinsi hii hii, huyu ana njaa na yule amelewa, tena kwenye mkusanyiko wa kanisa. Kama kuna kuku watano tu, wakatwe vipande vidogo na kuingia kwenye mchuzi wa wote, au wasipikwe siku hiyo.

Tahadhari: usiruhusu mzunguko wa pili kabla mkuu wa mstari hajathibitisha kwamba kila mtu amepata wa kwanza. Ukiona chakula kinapungua na bado kuna watu 30, punguza wali kwa kiasi kidogo kwa wote waliobaki. Usiwape 20 sahani kamili na kuwaacha 10 mikono mitupu. Zile hotpoti nne haziguswi hata hapo. Hiyo ndiyo kazi ya zile sahani 16 za ziada.

Umefanikiwa ukiona: mtu wa mwisho mstarini anapata nyama sawa na wa kwanza.

## Hatua ya 8: Shukrani, vyombo na mabaki

Kabla wageni hawajaondoka, mchungaji awaite wapishi na waosha vyombo mbele, na mlezi asome majina kutoka ukurasa wa kwanza. Majina yote, pamoja na la mlinzi na la dereva. Inachukua dakika tatu. Kusema "tunawashukuru wote mliofanikisha" hakutoshi.

Chakula kilichobaki kigawiwe ndani ya saa mbili tangu kianze kupoa: kwanza kwa wagonjwa na wazee wa mtaa wasiofika, kisha watendakazi wabebe nyumbani. Kiende kwenye vyombo vyenye mfuniko, na anayepewa aambiwe akile siku hiyo hiyo. Wali uliokaa juani kwenye meza usimpe mtu.

Waosha vyombo wapewe maji ya moto, na wapate nguvu mpya. Waliopika tangu alfajiri wasioshe. Vijana wa kiume wanaweza kazi hii vizuri kabisa. Anayetoka kanisani giza limeingia apewe nauli ya bodaboda, na iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza ili isitoke mfukoni mwa mtu.

Jioni hiyo hiyo mkuu wa stoo aandike kilichobaki: mchele kilo ngapi, nyama vipande vingapi, sahani ngapi zilizovunjika. Kama wali ulibaki sufuria nusu, mara ijayo pika kwa watu 9 kwa kilo. Sufuria na hotpoti za kuazima zipakwe alama ya rangi chini tangu asubuhi, zirudishwe Jumatatu zikiwa zimesuguliwa masizi, na mwenye chombo kilichopotea alipwe wiki hiyo hiyo.